Kiti cha Balbu

Barabara inayoacha lami pale Sangasanga, kwenye njia kuu ya Morogoro kwenda Iringa, na kupanda milima ya Uluguru kuelekea Mgeta na Nyandira, ina kona ambazo madereva wake wamezikariri. Kukariri kunasaidia mchana. Usiku mambo ni mengine: mvua ya jioni imekula ukingo, jiwe limeporomoka, mtu anateremka na mzigo kichwani bila tochi, na Fuso limejaa kabichi na karoti zinazotakiwa kuwahi soko la alfajiri Dar es Salaam. Hapo dereva anahitaji taa. Na hapo ndipo unakuta gari lenye betri nzima, alteneta nzima na balbu iliyotoka kwenye boksi asubuhi ile ile, taa zinawaka nyeupe, na bado barabara haionekani. Mwanga umepanda kwenye migomba, au umemwagika mbele ya bampa ukaishia hapo.

Ukiuliza gereji, jibu la kwanza mara nyingi ni wati. Weka balbu kubwa zaidi. Naandika sura hii kwa sababu naamini jibu hilo limewapotezea wenye magari fedha nyingi, na barabarani limepoteza zaidi ya fedha. Kasoro ya taa ya namna hii huwa iko pale balbu inapokaa: kwenye tundu la riflekta, kwenye masikio matatu ya bati, na kwenye kijiwaya cha springi ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukitazama.

Riflekta ya taa ya gari imeundwa kwa umbo la parabola. Umbo hilo limechunguzwa tangu zamani sana. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo miaka elfu moja iliyopita, aliandika risala nzima juu ya vioo vya parabola vya kuchomea, vile vinavyokusanya miale ya jua mpaka ikakutana kwenye nukta moja na kuwasha moto. Taa ya gari inaendesha jambo lile lile kinyumenyume. Moto unawekwa kwenye nukta ile, ambayo walimu wa fizikia huiita fokasi, na miale inatoka imenyooka kwenda mbali. Sharti ni moja na halina huruma: moto uwe kwenye nukta yenyewe.

Tupige hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonifanya niliheshimu jambo hili. Chukua taa ambayo kutoka ndani kabisa ya riflekta hadi kwenye fokasi ni milimita 25, kipimo cha kawaida kwa gari. Balbu ikishuka milimita moja kutoka mahali pake, mwale unaopiga katikati ya riflekta unapotoka kwa sehemu moja ya 25. Kwa kila mita 25 za barabara, mwanga unapanda mita moja. Unapanda kweli, kwa sababu kioo hugeuza: balbu ikienda chini, mwanga unakwenda juu. Kufika mita 50 mbele, mwanga uko mita mbili juu ya pale ulipopaswa kuwa. Mita mbili zinatosha kuutoa kwenye lami na kuuweka machoni mwa dereva wa Coaster inayokuja. Na milimita moja ndiyo nafasi inayopatikana kirahisi kabisa pale springi inapolegea.

Balbu utakayoikuta kwenye Hiace nyingi, kwenye Canter, na kwenye Land Rover za zamani zilizobadilishwa taa ni H4. Ilianza kutumika mwaka 1971. Ya gari la volti 12 ina wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu. Ya lori la volti 24 ina 75 na 70. Ndani yake mna nyuzi mbili. Uzi wa fuli uko kwenye fokasi. Uzi wa dimu uko mbele ya fokasi kidogo, na chini yake mna kikombe kidogo cha chuma. Kwa kuwa uzi huo uko mbele, miale inayopiga nusu ya juu ya riflekta inainamia barabarani, na ile ambayo ingepiga nusu ya chini ingeruka juu, ndiyo maana kikombe kinaizuia. Ukiwasha dimu, nusu ya chini ya riflekta imepumzishwa kwa makusudi.

Kikombe hicho kina siri nyingine. Upande mmoja ukingo wake umeshushwa kwa digrii 15, ili mwanga uinuke kidogo upande wa ukingo wa barabara na kumulika waenda kwa miguu, baiskeli na alama. Mpangilio huo wa mwanga usiolingana pande mbili uliingia Ulaya mwaka 1957. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wetu unatakiwa kuinuka kushoto. Japani nao wanaendesha kushoto, na hiyo ni bahati yetu kubwa kuliko tunavyofikiri: taa za magari ya mtumba kutoka huko zinatufaa zilivyo. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha kulia linainua mwanga wake upande wa gari linalokuja. Zipo taa za H4 ambazo kiti chake kina nafasi mbili, zinazotofautiana kwa digrii 15 hizo, ili mwenye gari aizungushe balbu anapovuka kwenda nchi ya upande mwingine. Yaani kuizungusha balbu kidogo kwenye tundu lake kunatosha kubadilisha nani atapata mwanga machoni.

Ndiyo maana kitako cha H4 kina masikio matatu, moja pana kuliko mengine, ili balbu iingie kwa namna moja tu. Kutoka kwenye bati la kitako hadi uzi wa dimu ni milimita 28 na nusu, na tofauti inayoruhusiwa kiwandani haifiki hata nusu milimita. Usahihi wote huo unakabidhiwa kwa fundi ukiwa tayari. Kilichobaki kwake ni kuhakikisha bati linakaa bapa kwenye kiti, masikio yote matatu yako kwenye mikato yake, na springi inabana hapo mpaka siku balbu itakapoungua yenyewe.

Sasa mlima. Mteremko wa mashariki wa Uluguru, upande wa Kinole na Matombo, unapokea upepo wa bahari na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Taa ya gari linaloishi huko inavuta unyevu kila jioni: inapozimwa inapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na hewa yenye maji inaingia kupitia kila upenyo. Kwenye riflekta za bati kutu huanzia pembeni mwa tundu, pale chuma kilipokatwa, yaani kwenye kiti chenyewe. Upande wa Mgeta una ukungu wake, na vumbi la kiangazi. Pande zote mbili zina barabara ambayo imejikunja kama bati la paa, na mtikisiko wake haukomi. Springi inayobana balbu inapokea mitikisiko hiyo yote. Kwa muda inachoka, na ikichoka haikatiki. Inabaki pale pale, ina umbo lile lile, ila haibani tena. Fundi anayechungulia haraka anaiona ipo na anafunga.

Balbu nyingi huanza kukaa vibaya siku ile zinapobadilishwa, hasa zikibadilishwa njiani. Mazungumzo kama haya ni ya kawaida kwenye gereji za Morogoro mjini, kijana ameleta Canter kwa fundi wa umri wa baba yake:

“Shikamoo mzee. Taa ya kushoto inawaka lakini haimuliki.”

“Marahaba mwanangu. Nani aliigusa mara ya mwisho?”

“Iliungua tukiwa Langali. Utingo akaweka nyingine.”

“Usiku?”

“Usiku, na mvua juu.”

Mzee hahitaji kuuliza zaidi. Anachomoa plagi ya nyaya tatu, anavua kifuniko cha raba, na anatazama kabla ya kugusa. Sikio moja la chini limepanda juu ya ukingo wa kiti badala ya kuingia kwenye mkato wake. Springi imefungwa mguu mmoja, mwingine unaelea. Balbu imeinama, na uzi wake umeinama nayo. Anaufungua mguu uliofungwa, anaitoa balbu kwa kushika kitako pekee. Kioo cha halojeni ni cha kwazi na kinafanya kazi kwa joto linalozidi nyuzijoto 250. Mafuta na chumvi ya kidole vikibaki juu yake vinakipikia doa, kioo kinavimba au kinapasuka mapema. Kikiguswa, kifutwe kwa spiriti na kiachwe kikauke.

Kisha anashughulikia kiti, na hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Anaziba tundu kwa kitambaa kisafi kabla ya kukwangua kutu, ili unga usidondokee ndani, kwa kuwa ile ngozi ya kung’aa ya riflekta ni utando mwembamba wa alumini usiostahimili kusuguliwa hata kwa pamba. Anarudisha balbu, sikio pana likiwa juu kwenye mkato wake mpana. Anaibonyeza kwa dole gumba na kujaribu kuizungusha. Ikizunguka, masikio hayajaingia. Anaibonyeza upande mmoja, kisha wa pili. Ikicheza, bati halijalala bapa. Ikitulia kote, ndipo anafunga springi, mguu wa kwanza, mguu wa pili, na lazima asikie inavyoruka kushika. Springi inayoingia bila kupigana na kidole ni springi iliyokufa.

Springi iliyokufa inabadilishwa kwa nyingine, na nzuri kuliko zote ni ile inayotolewa kwenye taa nyingine ya aina ile ile iliyopasuka kioo, ambazo hazikosekani gereji. Kinachotumika mara nyingi ni waya wa kufungia nondo. Waya ule umelainishwa kwa moto kiwandani ili ukunjike bila kukatika. Sifa inayoufanya ufae kwa nondo ndiyo inayoufanya usifae hapa. Unabana siku ya kwanza, na gari likifika Mzumbe umeshalegea.

Dawa nyingine za njiani zina hasara zake, na inafaa kuzitaja maana zinatumiwa na watu wenye nia njema. Kipande cha tyubu kilichochomekwa pembeni kinakauka kwa joto na kumeguka. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara inapitisha umeme, na kitako cha balbu kina ncha tatu zilizokaribiana. Supagluu inalainika kwa joto, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe ndani ya riflekta usiotoka tena. Silikoni inayonuka siki ni mbaya zaidi kwa taa kuukuu: ile harufu ni asidi yenyewe, inayokula alumini pole pole huku taa ikionekana imezibwa vizuri. Mtu ameokoa tundu akapoteza kioo.

Kuna kosa jingine linalonisumbua kwa sababu linaonekana kama ukarabati kamili. Kabla ya H4, magari mengi ya Ulaya yalitumia balbu ya R2, wati 45 na 40, yenye kitako cha milimita 45. Cha H4 ni milimita 43. Mwenye Land Rover kuukuu anataka mwanga zaidi, ananunua H4, inaingia kwenye tundu la R2 na kuchezacheza. Milimita mbili za nafasi. Fundi anainamisha masikio, anazungushia utepe, inashika. Ikikaa chini ya tundu, mwanga unapanda. Ikisogea kushoto, mwanga unakwenda kulia. Zipo H4 zilizotengenezwa kwa kitako cha milimita 45 kwa ajili ya taa hizo, nazo zinaingia bila kuinamishwa kitu. Zinahitaji kuulizwa kwa jina dukani, na muuzaji wa spea akionyeshwa balbu ya zamani ataelewa haraka zaidi kuliko akielezwa.

Wamarekani walilikimbia tatizo lote hili. Kuanzia mwaka 1940 magari yao yalifungwa taa zilizozibwa moja kwa moja, kioo, riflekta na nyuzi vikiwa kitu kimoja. Uzi uliwekwa mahali pake kiwandani na hakuna mkono ulioweza kuusogeza. Land Rover nyingi zilizopanda Uluguru miaka ya nyuma zilikuwa na taa za namna hiyo, duara la inchi saba, na wazee wa gereji wanazikumbuka kwa heshima. Zikiungua ulitupa kila kitu, na hilo lilikuwa ghali. Tulipohamia taa za balbu inayotoka, tulipata unafuu wa bei, na tukachukua jukumu ambalo kiwanda kilikuwa kimelibeba.

Umeme nao unachangia, ila nitaupitia kwa ufupi. Balbu ya wati 55 inavuta ampea 4 na nusu hivi. Plagi yenye kutu, au waya wa ethi uliofungwa kwenye bodi yenye rangi, ikipoteza asilimia 10 ya volti, mwanga unapungua kwa asilimia 30 hivi, na mwenye gari anadhani balbu ni mbovu. Anaweka ya wati 100. Ampea zinapanda hadi 8, joto kwenye plagi ile ile yenye kutu linaongezeka zaidi ya mara tatu, plastiki inayeyuka, na plagi iliyoyeyuka haikai sawa tena. Uzito wa nyaya nao unahesabika. Plagi inayoning’inia na fungu zima la waya inavuta mkia wa balbu chini. Balbu ikipinda kwenye kiti, mkia unashuka na uzi ulio mbele unapanda, na mwanga unaangukia mbele ya bampa. Kufunga waya kwenye bodi karibu na taa kunamaliza jambo hilo, nao ni utepe mmoja.

Kwa nini nang’ang’ania milimita? Kwa sababu ya ukungu, kwanza. Ukungu wa Uluguru ni matone yanayorudisha mwanga kwa aliyeutuma. Mwanga wa dimu uliokatwa vizuri unapita chini na kugusa barabara kabla matone hayajaurudisha wote. Ule unaotoka kwenye balbu iliyoinama unajaza ukungu mbele ya kioo na dereva anaendesha ndani ya ukuta mweupe. Anazima, anaweka fuli, inakuwa mbaya zaidi.

Kwa sababu ya Mikumi, pili. Njia kuu inapita ndani ya hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa takriban kilomita 50, na nyati haangalii kioo cha pembeni kabla ya kuvuka. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ulioandikwa kwenye vibao vya hifadhi, gari dogo zima linahitaji kama mita 37 kusimama, ukijumlisha muda wa dereva kushtuka. Kwa kilomita 80 linahitaji kama mita 75. Dimu iliyokaa sawa inamulika vizuri mita 40 hadi 60 hivi. Sasa mnyang’anye dereva nusu ya mita hizo kwa sababu sikio moja halikuingia kwenye mkato wake. Na tangu Oktoba 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha baada ya katazo la takriban miaka 30, idadi ya macho yanayokutana na taa hizo usiku imeongezeka. Ningependa ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama usiishie kuuliza kama taa inawaka. Ningependa pia vijana wa umeme wa magari pale VETA Kihonda wapewe balbu iliyokaa vibaya siku ya kwanza, waambiwe waitafute kwa macho.

Balbu za LED zimeingia kwa kasi, na bodaboda wamezipokea kuliko wote. Nyingi zinauzwa na kitako cha H4 chenye masikio yake matatu, hivyo zinaingia bila shida, na hapo ndipo mtu anapotulia mapema. Riflekta haijui kilichobadilika. Inasubiri moto mahali pale pale palipokuwa na uzi. Kabla ya kulipa, zishike mbili pamoja, ya zamani na mpya, vitako vikiwa vimelingana. Vidonge vya LED viwe mkabala na nyuzi, viangalie pembeni kulia na kushoto, na kikombe cha dimu kiwepo. Ikiwa vimesogea mbele au nyuma, hakuna springi itakayosaidia. Angalia na mkia: feni yake ikiwa ndefu, kifuniko cha raba hakifungi, na unyevu wa Matombo unapata mlango wa kudumu.

Kupima hakuhitaji mashine. Gari lisimame kwenye uwanja ulionyooka, mita 5 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sawa, na mzigo ukiwa juu, kwa sababu Fuso lililojaa kabichi linakaa chini nyuma na kuinua pua. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka ardhini, weka alama ya chaki ukutani sentimita 5 chini ya urefu huo, washa dimu. Mstari wa juu wa mwanga uguse chaki na upande kidogo kwa kushoto. Ziba taa moja kwa kanga au gunia, tazama nyingine, kisha badilisha. Taa mbili zikikosea kwa namna moja, zungusha skurubu za kurekebishia. Ikikosea moja, au mstari wake ukiwa umefifia na kulala upande wakati wa pili umekatika vizuri, acha skurubu. Skurubu inasogeza riflekta nzima pamoja na kosa lililomo. Dimu itagusa chaki na fuli itakwenda kwenye miti. Fungua kifuniko cha raba kwanza, uhesabu masikio.